Mtoto wa miezi mitatu: kwa mama jirani au kituoni?

Mama mwenzangu, umesema siku zako 84 za likizo zinaisha, na umekwama kati ya mama wa mtaani anayelea watoto kwake na kituo cha kulelea watoto kilicho karibu na kazini kwako, hapo Dar.

Kwa umri huo mimi ningeanza na kuhesabu watoto. Huyo mama analea wangapi, na wangapi hawajaanza kutembea? Akiwa na watatu, mpe. Akiwa na wanane peke yake, hata awe na moyo wa dhahabu, mikono ni miwili tu. Kituoni uliza hivyohivyo: chumba cha wachanga kina walezi wangapi, maana wengine wana rangi nzuri ukutani na dada mmoja kwa watoto kumi na watano. Omba pia kuona usajili wao wa Ustawi wa Jamii.

Lakini kuna jambo umelipita haraka: kituo kiko karibu na kazini. Sheria ya kazi inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Ukiwa mbali, saa hizo zinaishia kwenye foleni, na maziwa ya kukamua kwa joto letu hayakai muda mrefu bila friji.

Nenda mara mbili bila kutoa taarifa, mara moja iwe saa nane mchana, walezi wakiwa wamechoka. Wa kwangu nilimhamisha baada ya kukuta televisheni ndiyo inayolea.