Jina la Ukoo Wetu Lina Watu Wangapi? Maswali na Majibu

*Nawezaje kupima jina letu, Massawe, limeenea kiasi gani?* (Msomaji, Moshi)

Tafuta orodha ndefu ya majina kamili, isiyotoka kwenye mtaa mmoja wala kwenye kikundi cha ukoo. Hesabu wenye jina lenu, gawa kwa idadi ya watu wote walioorodheshwa, kisha zidisha kwa 100,000. Mkiwa 12 kati ya watu 4,000, hiyo ni 300 kwa kila watu 100,000.

Usiishie hapo. Kumi na wawili ni wachache, na bahati peke yake hupandisha au kushusha hesabu. Chukua kipeuo cha pili cha 12, yaani 3.5 hivi, zidisha kwa 2 upate 7. Kwa hiyo badala ya 12 mngeweza kuwa 5 hadi 19, na kiwango halisi kinaweza kuwa popote kati ya 125 na 475. Mngekuwa 400 kwenye orodha kubwa zaidi, shaka ingebaki asilimia 10 tu kila upande.

Kiwango cha orodha ya Moshi kisichukuliwe kuwa cha Tanzania nzima, kwa kuwa majina ya Kichaga yamesongamana Kilimanjaro. Tahajia nazo zinapoteza watu: Massawe na Masawe wahesabiwe pamoja, vilevile Ali na Ally. Ila kufanana kwa herufi hakutoshi. Lyimo ni jina la Wachaga, Limo ni la Wakalenjin wa Kenya. Ukiwaunganisha umetengeneza ukoo ambao haupo.

*Wanawake walioolewa tuwahesabu?* (Msomaji, Arusha)

Hesabu wanaume peke yao. Baadhi ya wake huchukua jina la mume, wengine, hasa Waislamu wa pwani, hubaki na majina ya baba zao. Ukiwachanganya, jina la bara litaonekana kubwa kuliko la pwani kwa sababu ya desturi ya ndoa tu.

*Kwetu Unguja jina la tatu ni la babu. Nalo ni la ukoo?* (Msomaji, Zanzibar)

Hapana, na hapa ndipo takwimu nyingi za majina zinapopotoka. Tuseme Hamad Juma Ali amezaa Salum. Mtoto ataitwa Salum Hamad Juma, na mjukuu, Khamis Salum Hamad. Kila kizazi jina moja linadondoka mwishoni na jingine linaingia mwanzoni. Anayehesabu majina ya tatu anahesabu jinsi mababu walivyoitwa walipozaliwa. Jina linalopendwa kwa watoto wachanga leo litaanza kupanda kwenye orodha hiyo baada ya vizazi viwili, miaka 50 hadi 60 hivi, wala halitakuwa na maana kwamba ukoo fulani umezaana sana.

Rwanda na Burundi hali ni ya mbali zaidi. Kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake, hata ndugu wa tumbo moja wakatofautiana. Wakina Hakizimana wawili hawalazimiki kuwa na udugu wowote.

Familia ikiamua jina la babu lisibadilike tena, kuanzia siku hiyo ni jina la ukoo. Ndivyo ilivyokuwa Sweden: Andersson maana yake ni mwana wa Anders, na zamani lilibadilika kila kizazi. Lilipogandishwa, watoto wa kila Anders, hata wasiojuana, wakabaki na jina moja. Ndiyo maana limejaa hivyo.

*Watu wa jina wakiongezeka, jina linaweza kupungua uzito?* (Msomaji, Nairobi)

Naam. Sensa ya Marekani huchapisha majina yenye watu 100 au zaidi. Mwaka 2000 wakina Smith walikuwa 2,376,206. Mwaka 2010 walifika 2,442,977. Wameongezeka, lakini kiwango kilishuka kutoka 881 hadi 828 kwa kila watu 100,000, kwa sababu wakazi wengine waliongezeka haraka zaidi. Garcia, kwa uhamiaji na uzazi wa familia zenye asili ya Amerika ya Kilatini, lilipanda kutoka nafasi ya 8 hadi ya 6. Kwa hiyo ukilinganisha miaka, linganisha viwango. Idadi tupu itakudanganya.

*Nina mabinti watupu. Jina litakufa?* (Msomaji, Mwanza)

Swali hili Waingereza wawili, Francis Galton na Henry Watson, walilifanyia hesabu mwaka 1874. Chukua mfano: kila mwanamume ana nafasi 1 kati ya 4 ya kukosa mtoto wa kiume, 2 kati ya 4 ya kupata mmoja, na 1 kati ya 4 ya kupata wawili. Wastani ni mmoja kwa kila baba, ungedhani jina limetulia. Lakini likianza na mtu mmoja, baada ya vizazi vitano uwezekano wa kwamba limetoweka ni asilimia 60. Likianza na watu 10, haufiki asilimia 1.

Kwa hiyo tazama kwanza una ndugu na binamu wangapi wa kiume wenye jina hilo. Wakiwa kumi, halina hofu ya karibu. Ukiwa wewe peke yako, zungumza na mabinti mapema: wakubaliane na waume zao jina liandikwe kwenye cheti cha kuzaliwa cha mjukuu mmoja angalau, na liwe la mwisho. Likiwekwa katikati, fomu nyingi zitaliacha.