Kabla hamjapanda Elgon, kujeni hapa tuongee

Wikendi iliyopita nimeshuka Koitobos, kilele cha Elgon upande wa Kenya, na wageni tisa na walahi nimerudi Kisumu sauti imekauka. Mmoja alikuja na jinzi. Mwingine na viatu vipya kabisa, kikaratasi cha bei bado kiko chini ya soli, kufika kambi ya Koroborte visigino vimefura malengelenge. Halafu wale vijana watatu walioanza mlima kama wanakimbiza matatu ya mwisho ya Kondele, saa mbili baadaye nawakuta wamekaa juu ya jiwe kimyaa, wanaangalia viatu. Nawapenda sana lakini mnanizeesha kabla ya wakati.

1. Jinzi ikinyeshewa haikauki. Sirudii.

2. Ukiumwa na kichwa, sema. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hii iliniuma na bado inaniuma.

Kisumu tuko kama mita 1,131, Koitobos ni 4,222, na pale juu kila pumzi inakupa kama asilimia 60 tu ya oksijeni ambayo mtu wa Mombasa anavuta bila hata kufikiria. Mwili unataka muda wa kuzoea. Mimi mara yangu ya kwanza sikuupa, nilikuwa na shifti Ijumaa na sikutaka kuomba ruhusa, wenzangu wakalala karibu na Chorlim, geti la kuingilia hifadhi, mimi nikasafiri usiku kucha, Kakamega, Webuye, Kitale, Endebess, nikafika alfajiri sijafunga jicho na nikajiona mjanja. Tukabebwa na Land Cruiser mpaka mwisho wa barabara, tukaanza kutembea. Kichwa kilianza kugonga hata hatujaiacha gari mbali. Nikameza dawa mbili za maumivu kwa siri nikaendelea kupiga stori, maana nilikuwa nimejisifu kwenye grupu wiki nzima, ningesema nini?

Sasa kwenye kundi kulikuwa na mzee mmoja wa Bungoma, mwalimu mstaafu. Huu mlima ameuona kila asubuhi ya maisha yake na hakuwahi kuupanda. Anatembea polepole na fimbo yake, anahema vizuri, haongei. Mimi nampita nampungia mkono.

Tulipokaribia mwamba wa juu, ule wenye nguzo za mawe zimesimama kama penseli kwenye kopo, nikatapika. Nikasema ni mayai ya Kitale. Nikajaribu kufunga zipu ya koti, vidole vikakataa, kama ni vya mtu mwingine. Askari wa wanyamapori akaniona, akaniambia kijana hebu tembea hapa kwa mstari, kisigino kiguse vidole. Hatua ya tatu nikaanguka kama mlevi. Hakubishana na mimi. “Tunashuka. Wote.” Askari mwenye bunduki ni mmoja, nyati wako msituni, kundi haligawanyiki.

Mzee aliangalia ule mwamba, ungerusha jiwe ungegonga. Akageuka, akachukua begi langu akalivaa kifuani, lake mgongoni, akaanza kushuka. Hakusema neno mpaka garini. Pale akanimiminia chai kwenye kifuniko cha thamosi akaniambia, “Ungesema asubuhi, mwanangu, tungekuacha hapa na dereva.” Basi. Hakukasirika hata kidogo na hiyo ndiyo ilinimaliza. Mwaka uliofuata nikampigia twende tena, gharama zote juu yangu, akasema goti limekataa.

Kwa hivyo ukiniambia “niko sawa tu koch” na midomo imegeuka buluu, nitakutembeza kwa mstari mbele ya watu wote na sitaona aibu. Ukipita mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku. Kichwa kikigonga, acha kupanda. Ukianza kuyumba, unashuka saa hiyo hiyo, hakuna cha kungoja asubuhi.

3. Saa saba mchana popote ulipo geuka, mvua ya Elgon haina adabu.

4. Tochi ya kichwa, si ya simu. Baridi inakula betri.

5. Ukifika juu nyamaza kwanza dakika tano, selfi zitangoja. Njiani utakuwa umeziona zile lobelia zinashika maji katikati ya majani, asubuhi maji yameganda juu kama kioo, gusa kwa kidole tu usivunje. Halafu kreta inafunguka mbele yako, pana hadi macho yanakosa pa kushika, na ng’ambo kule ni Uganda. Mto Suam unatokea humo ndani, unakuja kuwa Turkwel, unamwagika Ziwa Turkana. Mito ya upande wetu huu inaingia Nzoia mpaka ziwani kwetu, yale maji mnayovulia omena. Mara ya kwanza kufika nilikaa pale nikasahau nina bosi, nina deni la Sacco, nina jina hata. Nilimkumbuka mzee tu. Nikishuka huwa nampigia, na swali lake ni moja, “Suam umeiona?” Hata siku ya ukungu namwambia nimeiona.

Safari ijayo tunalala Chorlim usiku mbili, msianze kulia kuhusu likizo. Na wewe wa jinzi, niko na suruali ya ziada kiuno 34, pitia uichukue Alhamisi.