Nilisomea ualimu wa yoga bila nia ya kufundisha, na sijuti

Mkuu, umeuliza kama ni kupoteza hela kusomea ualimu wa yoga, ile kozi ya saa 200, wakati huna mpango wa kufundisha mtu. Mimi niliingia hivyo hivyo, na cheti changu mpaka leo kiko kwenye droo.

Nilikuwa na miaka sita ya yoga, najiona mzoefu. Siku niliposimamishwa mbele ya wenzangu niongoze dakika tano tu, nikasema "vuta pumzi, inua mikono," halafu akili ikakimbilia pozi linalofuata. Kuwaambia watoe pumzi nikasahau kabisa. Kutazama, dada wa mbele amevimba mashavu, macho yamemtoka, ananisubiri mimi! Watu wakaangua kicheko.

Hapo ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile nilikuwa nafuata sauti ya mwalimu tu. Ukitaka kumwelekeza mtu aweke uzito wapi kwenye unyayo akiwa kwenye tadasana (kusimama wima tu, hakuna maajabu), inabidi kwanza usikie wako umeangukia wapi. Wangu ulikuwa wote visiginoni, tena mguu wa kulia zaidi. Siku hizi hata kwenye foleni najikuta napanga nyayo.

Ila kilichonilipa zaidi ni goti. Kwa muda mrefu nilikuwa nalazimisha padmasana, ule mkao wa kukunja miguu nyayo zikalie mapaja. Niliamini misuli yangu ni migumu, nikazidi kukaza, goti la kushoto likawa linaniuma hadi kwenye ngazi. Somo la anatomia ndilo lililonifungua macho: kuuzungusha mguu kwa mkao ule kunatakiwa kutoke kwenye nyonga, na kina na mwelekeo wa kikombe cha nyonga (pale kichwa cha mfupa wa paja kinapokaa) hutofautiana mtu na mtu. Mfupa ukishagota kwenye mfupa, unyooshe misuli utakavyo, hauendi. Ukilazimisha, linalopindwa ni goti. Nikaacha siku hiyo hiyo. Sasa nakalia blanketi lililokunjwa, miguu nimeikunja kawaida, na ngazi napanda bila kushika ukuta.

Pumzi nayo. Tuliambiwa tuweke vidole kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, tupumue taratibu, tusikilize. Unapovuta, mapigo yanaharakisha kidogo; unapotoa, yanapungua. Nilikuwa nimesikia mara mia kwamba kutoa pumzi kwa kirefu kunatuliza, nikadhani ni maneno ya kubembelezea watu. Kumbe unaweza kulishika kwa vidole vyako. Usiku usingizi ukigoma, naanzia hapo.

Falsafa nilijua nitasinzia, na kweli nilisinzia. Kimoja kilinibaki: maandiko ya Patanjali, yule mwandishi wa kale wa Kihindi anayetegemewa sana kwenye falsafa ya yoga, yana mistari 190 na ushei, na inayozungumzia mkao ni mitatu tu. Na kinachotakiwa humo ni mkao uwe imara na wenye raha. Mimi na goti langu tulikuwa tumekosa vyote viwili.

Usije ukadhani ni mapumziko, lakini. Zile kozi za kubana kila kitu kwenye mwezi mmoja zinachosha mwili vibaya. Kama unaweza, chukua ya wikiendi za miezi kadhaa, upate muda wa kujaribu ulichosoma. Na usibabaishwe na hiyo namba 200. Ni kiwango kilichoenezwa na Yoga Alliance, chama cha Marekani kinachosajili walimu na shule za yoga, na kozi mbili zenye saa sawa zinaweza kupishana mbali sana. Kabla ya kulipa uliza mambo mawili: anatomia anafundisha nani, na ni saa ngapi utakazosimama wewe kuongoza huku wenzako wanakukosoa. Wakikujibu kwamba muda mwingi mtakuwa kwenye mikeka mnamfuata mwalimu, hela hiyo lipia madarasa ya kawaida tu.