Muulize Daktari wa Kinywa: "Mzee haweki tumbaku, anakula popoo tu"

SWALI: Shikamoo dokta. Babangu ana miaka 61, anakula tambuu tangu mi sijazaliwa. Toka Ramadhani ana doa jeupe ndani ya shavu, upande uleule anaoweka tambuu, halimuumi ila akila pilipili analalamika mdomo unawaka. Kasukutua maji ya chumvi, kapewa dawa ya fangasi, doa lipo palepale. Dadangu anataka tumpeleke hospitali, jirani anasema wakikata tu saratani inasambaa, mkwewe alikatwa akafa. Na mzee mwenyewe anasema haweki tumbaku, popoo na chokaa tu, kwahiyo haimuhusu. Tufanyeje?
– Binti wa Mzee, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Dadako yuko sahihi, mpelekeni wiki hii hii. Sisemi ana saratani, madoa mengi meupe hayafiki huko, ila kwa macho hakuna mtu anaweza kukwambia lipi litafika na lipi halitafika. Fangasi ukiifuta na kitambaa safi kwa kawaida inabanduka inaacha wekundu, hilo la mzee naamini mmeshalifuta na halijatoka. Sheria yangu ni moja, kitu chochote mdomoni, kidonda, doa jeupe, doa jekundu (jekundu ndo linanitisha zaidi), kinundu, kikipita wiki 3 hakijapona basi kionwe. Na kutouma kusiwape moyo maana saratani ya mdomo mwanzoni mara nyingi haiumi kabisa, ikianza kuuma imeshachimba.

Sasa hiyo pilipili ndo imenishtua kuliko doa. Popoo ina kitu kinaitwa arekolini, miaka inavyokwenda nyama ya ndani ya shavu inakakamaa kama kovu, mdomo unawaka kwa pilipili, afu unaanza kugoma kufunguka. Mwambie apange vidole vyake 3 wima aviingize katikati ya meno ya juu na ya chini. Visipoingia, mwambie daktari hivyo hivyo, ni dalili kubwa hiyo.

Kuhusu tumbaku, mzee hajadanganya, kapitwa na wakati tu. Mwaka 1985 IARC, taasisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) inayochunguza vinavyoleta saratani, walisema tambuu yenye tumbaku ndo inasababisha saratani, wengi wakabaki na hiyo. 2004 wakatoa kitabu kingine, popoo yenyewe bila hata chembe ya tumbaku nayo imo. Na chokaa inazidi kuuchubua mdomo. Wala sio rahisi kuacha, we fikiria, neno uraibu tunalotumia kwa madawa ya kulevya wazee wetu walikuwa wanaita hivyo hivyo vitu vya kwenye kijaluba, popoo, tambuu, katu na chokaa. Kwahiyo msimgombeze. Siku ya hospitali abebe na kijaluba chake, daktari aone anachokula.

Huko kukatwa, ni sindano ya ganzi kama ya kung'oa jino, kinachukuliwa kinyama kidogo kama punje ya choroko, pengine nyuzi moja mbili, mnarudi nyumbani. Hakisambazi saratani. Mkwe wa jirani yawezekana kabisa alifika kachelewa, kisu kikalaumiwa, miezi aliyokaa nyumbani haikulaumiwa. Anzeni hospitali ya Bombo hapo Tanga kwa daktari wa kinywa na meno, na jibu la kinyama mlifuate, msilisubiri lije lenyewe. Likiwa baya atapewa rufaa, Muhimbili ya Dar au KCMC ya Moshi kwa upasuaji, mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar. Akiambiwa mionzi, aulize kwanza kuhusu meno, yaliyooza yanang'olewa kabla, kwasababu mfupa wa taya ukishapigwa mionzi kidonda chake kinapona kwa shida sana.

SWALI: Dokta, binti yangu ana miaka 10, shuleni wameleta chanjo ya HPV. Si ni ya mlango wa kizazi? Mbona nasikia inazuia na saratani ya koo?
– Mama Swabra, Mombasa

JIBU: HPV ni kirusi, na kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi na ya koo ni kilekile mama, hasa aina ya 16, kinapenda pia kukaa kwenye tonsili na shina la ulimi. Waliochanjwa wanakutwa nacho mdomoni kwa uchache sana. Kenya walianza Oktoba 2019 na wasichana wa umri huohuo wa binti yako, Tanzania walianza 2018 na tangu 2024 ni dozi moja kwa wa miaka 9 mpaka 14. Mpe. Ila asije akaona sigara sasa ni ruksa, hiyo chanjo haihusiki nayo.

SWALI: Nauza mitumba, napiga kelele kutwa, sauti imekwaruza miezi 2 sasa. Navuta pakiti kwa siku, jioni bia mbili tatu. Nanunua pipi za koo haziishi. Nibadilishe aina gani?
– Mpiga debe, Dar

JIBU: Usibadilishe pipi kaka. Sigara na pombe zikikaa pamoja madhara yake hayajumlishwi, yanazidishana, na sauti ya kukwaruza ikipita wiki 3 kwa mvutaji inatakiwa kuangaliwa. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, anapitisha kamera nyembamba puani anaangalia nyuzi za sauti, dakika chache tu. Pitisha na mkono shingoni, ukikuta kinundu kigumu mwambie, na kama sikio linauma bila sababu mwambie pia, maumivu ya koo yanapenda kujitokeza huko. Na ikitokea wewe na mzee wa Tanga mko foleni moja, mwambie nesi mnaingia wote leo leo.