Civ VI: vitu vya bure ambavyo wachezaji wengi hawavigusi

Kaa nyuma ya mtu anayecheza Civilization VI, lile gemu la mkakati la kujenga dola zamu kwa zamu, umwangalie. Macho yake yanafuata vitu viwili tu, jeshi na maajabu. Askari wanasogezwa kwa hesabu kali, piramidi zinapanda, halafu kitufe cha zamu inayofuata kinabonyezwa mpaka kidole kichoke. Vile vialama vidogo vilivyo pembeni ya skrini havina mtu wa kuvijali. Mimi gemu hili nimelizoea tangu Mei 2020, lilipogawiwa bure kwenye Epic Games Store, na katika mechi nyingi ninazocheza na wenzangu anayeshindwa hashindwi vitani. Kufika zamu ya mia tayari ameshaachwa mbali, na alichopitwa nacho kilikuwa cha bure.

Tahadhari kidogo kabla hatujaenda mbali. Kama unalo gemu lenyewe tupu, bila nyongeza za Rise and Fall ya 2018 na Gathering Storm ya 2019, machache kati ya haya hutayaona. Magavana huna, uaminifu wa miji huna, na ajabu la Kilwa Kisiwani huna. Mengine mengi yamo.

Tuanze na pini za ramani, maana hizo ndizo zinazodharauliwa kuliko chochote. Katika Civ VI mji haukai kwenye kigae kimoja kama matoleo ya zamani. Unatambaa. Bandari ina kigae chake, kitovu cha biashara kina kigae chake, chuo vivyo hivyo. Hizo ndizo wilaya, na wilaya ukishaijenga huwezi kuihamisha. Kwa hiyo nafasi ndiyo kila kitu. Pini inakuwezesha kuandika juu ya ramani kwamba hapa kitakuja chuo, pale kitovu cha biashara, hata kabla mlowezi wako, yule anayekwenda kuanzisha mji, hajafika. Haigharimu dhahabu, haigharimu zamu, lakini watu hawaweki, wanasema wanakumbuka kichwani. Hakuna anayekumbuka miji minane kichwani.

Chukua mji wa pwani uliopo karibu na mto. Bandari ikigusana na katikati ya mji inapata dhahabu mbili za ziada. Kitovu cha biashara kikikaa ukingoni mwa mto kinapata mbili, kikigusana na bandari kinapata nyingine mbili. Sasa zipange hizo tatu, mji, bandari na biashara, zigusane kama mafiga. Una angalau dhahabu nne kwenye kile kitovu kabla hujajenga soko lenyewe, na baadaye kuna kadi ya sera inayozidisha hizo mara mbili. Asiyeweka pini ataweka shamba pale pale penye pembe ya tatu, na mji wake utabaki wa kuungaunga mpaka mwisho wa mechi. Chuo nacho kinapenda milima, kila mlima unaogusana nacho unaongeza sayansi moja. Ukiona bonde limezungukwa na milima mitatu au minne, liwekee pini leo hata kama utalijenga baada ya zamu arobaini.

Hapo hapo kuna jambo ambalo gemu lenyewe halikuelezi vizuri. Bei ya wilaya inapanda kadiri unavyosonga mbele kwenye teknolojia na utamaduni, lakini ukishaiweka chini, bei inaganda. Kwa hiyo mji ukiruhusiwa wilaya mpya, iweke papo hapo kwenye kigae chake, kisha rudi uendelee na ulichokuwa unajenga. Utaimalizia baadaye kwa bei ya zamani. Angalizo moja tu: kama kigae kina miti, wilaya inaifuta miti hiyo na hupati chochote. Mtangulize mjenzi aikate, uzalishaji uingie mjini, ndipo uweke wilaya. Ukiwa na gavana Magnus kwenye mji huo, mavuno ya kukata yanaongezeka kwa nusu nzima. Isipokuwa unacheza na Kongo ya Mvemba a Nzinga. Wilaya yake ya Mbanza inajengwa juu ya msitu tu, kwa hiyo wewe shoka lako lipumzishe.

Eureka, zile zawadi za utafiti unazopewa ukitimiza sharti fulani, watu wanazijua, ila wanazichukulia kama bahati. Ujumbe unatokea, wanafurahi, wanaendelea. Ile ni asilimia 40 ya gharama ya teknolojia nzima, au 50 kwenye gemu la mwanzo kabla ya nyongeza. Fungua mti wa teknolojia, weka kiashiria juu ya kila kisanduku, usome masharti. Mengi ni mepesi: jenga machimbo ya mawe upate Eureka ya uashi, anzisha mji ufukweni upate Eureka ya kusafiri baharini. Kinachowashinda wengi ni subira. Ukiona Eureka inakaribia, usimalize kuitafiti teknolojia hiyo. Ifikishe asilimia 60, hamia nyingine, na Eureka ikija itaimaliza yenyewe. Mtu anayechoma utafiti mpaka mwisho halafu zamu mbili baadaye anatimiza sharti, huyo ametupa sayansi baharini.

Kuna mnyororo mmoja ninaoupenda sana, na nitaurudia chini. Mtupa kombeo ni askari wa bei poa kabisa, wala hana nguvu. Lakini akimuua yeyote, hata yule skauti wa wavamizi anayezurura, unapata Eureka ya upinde. Ukiwa na upinde, watupa kombeo wako unawapandisha daraja kwa dhahabu wawe wapiga mishale. Ukifikisha wapiga mishale watatu, unapata Eureka ya teknolojia ya Machinery.

Kwenye kadi za sera, ni uvivu mtupu unaowaponza watu. Kila unapokamilisha hatua ya utamaduni, unaruhusiwa kubadilisha kadi bila kulipa. Mchezaji wa kawaida anaweka kadi nne na kuzisahau kwa zamu hamsini. Wewe zione kama zana za msimu. Colonization inaongeza kasi ya kutengeneza walowezi kwa asilimia 50, kwa hiyo ipachike pale ambapo miji yako yote inatengeneza walowezi kwa pamoja, kisha ing'oe. Ilkum inafanya hivyo kwa wajenzi, asilimia 30. Serfdom ikifika, kila mjenzi mpya anakuwa na kazi mbili za ziada juu ya zile tatu alizozaliwa nazo. Kwa hiyo kama umebakiza hatua chache kuifikia, usinunue wajenzi sasa, subiri.

Kwenye biashara na mataifa mengine nitakuwa mfupi. Anasa ya aina moja inatoa starehe kwa miji minne, na nakala ya pili ya anasa hiyo hiyo haikuongezei kitu. Kama una chai mbili, ya pili ni ya kuuza. Fungua mazungumzo, weka hiyo chai upande wako, kisha bonyeza ile sehemu ya kuwauliza watakupa nini. Kompyuta itataja bei yenyewe. Mimi hupenda dhahabu ya mkupuo kuliko ya kila zamu, maana vita ikizuka kesho makubaliano yanakufa na malipo yanakatika. Kwa mwendo wa kawaida mkataba unadumu zamu 30, kwa hiyo pitia tena ukiisha. Watu wanaona aibu kufungua skrini ile kila mara, wanasema inachosha. Ni kweli inachosha. Ndiyo maana ina faida.

Na lenzi ya mlowezi, tafadhali. Ukimshika mlowezi ramani inabadilika rangi: kijani iliyokolea ni maji baridi, kijani hafifu ni pwani, kijivu ni pakavu. Mji wenye maji baridi unaanza na makazi matano, wa pwani matatu, wa pakavu mawili. Hiyo ni tofauti ya mji na kijiji.

Sasa mijidola, ile miji huru isiyo ya mchezaji yeyote, ambako kwa mchezaji wa Kiswahili kuna utamu wake. Wengi wanaiona kama vijiji vya kuteka. Ukiwa wa kwanza kukutana na mjidola unapewa mjumbe mmoja bure, na mjumbe huyo mmoja tayari anakupa faida kwenye mji wako mkuu. Faida nyingine zinakuja kwa wajumbe watatu na sita. Watatu hao pia ndio kiwango cha chini cha kuwa Suzerain, yaani msimamizi wa mjidola huo, mradi umewazidi wengine wote. Kila mjidola una ombi lake, na ombi hilo mara nyingi ni jambo ambalo ungelifanya tu: tuma msafara, pata Eureka fulani, tengeneza askari fulani. Bofya jina la mji usome. Ukilitimiza, mjumbe mwingine anakwenda.

Zanzibar imo humo, ni mjidola wa biashara. Ukiwa Suzerain wake unapata karafuu na mdalasini, anasa mbili zisizopatikana kwa njia nyingine yoyote ndani ya gemu, na kila moja inatoa starehe sita. Nimeona watu wakiiteka Zanzibar kwa majahazi ya kivita ili wapate mji mmoja mdogo, na karafuu zote zikapotea siku hiyo hiyo. Inaniuma kila mara, na si kwa sababu ya uzalendo peke yake.

Halafu Kilwa Kisiwani. Wachezaji wa kwetu wanaijenga kwa mapenzi, wakiiona tu wanaijenga, na sina ubaya nao. Lakini soma inachofanya. Siku inapokamilika unapewa wajumbe watatu. Mji ulioijenga unapata nyongeza ya asilimia 15 kwa aina ya mazao ya mjidola unaousimamia, iwe sayansi, utamaduni au dhahabu. Ukisimamia miwili au zaidi ya aina moja, asilimia 15 nyingine inakwenda kwenye miji yako yote. Kwa hiyo wajumbe usiwatawanye kila kona. Chagua aina moja, tuseme ya sayansi, hifadhi wajumbe wako, subiri wale watatu wa Kilwa, kisha wamwage wote kwenye mijidola miwili kwa mpigo mmoja kabla wapinzani hawajashtuka.

Inajengwa kwenye kigae tambarare kinachopakana na pwani, na inafunguliwa na Machinery, ile ile ya wapiga mishale watatu. Kigae hicho kiwekee pini mapema, maana kitovu cha biashara nacho kitakitaka.