Muulize Muuguzi: Pakiti zimekwisha, tukoroge karanga nyumbani?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa Kikongo, natoka Fizi, niko hapa Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya, tangu 2017. Nazunguka mitaani kupima mikono ya watoto kwa utepe wa rangi unaoonyesha nani ana utapiamlo, kwa posho ndogo. Tangu mgao wa chakula ukatwe, nyekundu, rangi ya hatari, naiona mara nyingi kuliko zamani, na kuna wiki tulikwenda kituoni tukakuta pakiti za karanga, zile za kutibu utapiamlo mkali, zimekwisha. Mama mmoja ameniuliza kama anaweza kusaga karanga, atie sukari na maziwa ya unga, apate kitu kilekile. Mwingine akipewa pakiti anawagawia watoto wote watatu. Niwajibu nini? Na kwa nini serikali ya mbali ikibadili mawazo, anayekonda ni mtoto wa hapa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na karanga, maana ukikosea hapo unazika mtu.

Mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu haufiki sentimita 11.5, huyo wa nyekundu, hatibiwi kwa karanga za sufuriani. Pakiti ile ya gramu 92 ina kalori 500, na ni kweli ina karanga, mafuta, sukari na maziwa ya unga. Ndiyo sababu kila mtu hudhani ataiiga. Usichokiona ni vitamini na madini, zinki na potasiamu na mengineyo, yaliyokwisha mwilini mwa mtoto huyo na ambayo hayauzwi dukani. Halafu haina maji, kwa hiyo vijidudu havizaliani ndani yake. Karanga za soko zikiwa na ukungu zina sumukuvu juu ya hayo yote.

Miaka ya tisini, wodini Lodwar, hatukuwa nazo. Tulikoroga maziwa maalumu kwenye ndoo, tukanywesha watoto kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mama akalala sakafuni wiki nne. Wengi walitoroka kabla mtoto hajapona, kwa kuwa nyumbani walikuwa wameacha wengine. Niliwagombeza sana wakati ule. Leo nisingewagombeza.

Kwa hiyo na huyo anayegawa pakiti usimfokee. Mwambie tu hesabu: mtoto mmoja humaliza karibu katoni nzima, pakiti 150, kwa wiki sita hadi nane ndipo apone. Ukigawa kwa watatu, mgonjwa anabaki palepale na wenzake hawajashiba.

Karanga za yule mama wa kwanza zisitupwe. Wape wa njano, wenye mkono kati ya sentimita 11.5 na 12.5, na ndugu zao: uji mzito, karanga zilizotwangwa vizuri, kijiko cha mafuta, dagaa wa unga, na anayenyonya aendelee kunyonya. Najua nikiandika dagaa unacheka. Mwaka 2025 mgao wa Kakuma ulishuka hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini cha chakula na pesa za Bamba Chakula, zile za kununulia chakula zinazotumwa kwa simu, zikasimama. Fanyeni na kilichopo.

Ila kuna wasiongojea pakiti wala uji. Bonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili, siyo chini ya unyayo, kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu. Ukiondoa kidole yakabaki mashimo, au mtoto akikataa kabisa kula, au amelegea, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama utepe ni kijani.

Sasa hiyo serikali ya mbali. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Chakula cha dharura kiliruhusiwa kuendelea, kwa maneno. Lakini waliotakiwa kulipa bili walikuwa wamesimamishwa kazi na malipo yamekwama. Viwanda viwili vya Marekani vinavyotengeneza pakiti hizi, cha Rhode Island na cha Georgia, vilifutiwa mikataba kisha vikarudishiwa, na katoni zikakaa ghalani. Julai mosi USAID, shirika la misaada la Marekani, likafungwa. Uingereza nayo ilishatangaza Februari kwamba itapunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027, fedha ziende jeshini. Yaani hakuna aliyekukasirikia wewe, mwanangu. Hukuwemo kabisa kwenye mazungumzo yao, na hilo ndilo linaloniudhi mimi.

Kenya tuna kiwanda kinachotengeneza pakiti hizi, tena Athi River, siyo mbali. Kinachokosekana ni mnunuzi, na swali hilo mimi nalipeleka Nairobi kabla ya Washington.

Mwezi Mei mwaka huohuo waziri wao wa mambo ya nje, Marco Rubio, aliwaambia wabunge kwamba hakuna watoto wanaokufa katika kipindi chake. Kwa hiyo nunua daftari. Kila mtoto uliyemrudisha mikono mitupu, andika tarehe, umri, kipimo cha mkono, na ulipompita tena ulimkuta vipi. Jina liache. Na usitumie penseli.