The Martian: mara ya kwanza nilikiachia njiani

Mkuu umeuliza inakuwaje kitabu kimoja, huyu anakwambia hakulala mpaka kakimaliza, yule anakwambia kaishia sura ya tatu akakitupa, sasa wewe ushike la nani. Mimi nimekuwa pande zote mbili kwa hiyo ngoja niseme yangu.

Kwa asiyekijua, ni riwaya ya Andy Weir. Mwanaanga Mark Watney anaachwa peke yake kwenye sayari ya Mirihi siku ya sita tu baada ya kutua, wenzake wamekimbia dhoruba wakiamini ameshakufa, na yeye kwa bahati ni mtaalamu wa mimea na injinia humohumo, basi anapanda viazi ndani ya kambi kwenye udongo wa Mirihi aliouchanganya na kinyesi, huku akitafuta namna ya kuwaambia watu duniani kwamba yuko hai. Hakuna adui, ni mtu na matatizo yake.

Mara ya kwanza niliishia pale anapotengeneza maji. Anachukua hidrazini, mafuta ya roketi yaliyobaki, anaivunja apate haidrojeni, anaiunguza na oksijeni ili itoke maji, na kila hatua anakupigia hesabu, lita ngapi, siku ngapi, kalori ngapi. Nikasema hapana, hizi nilishaachana nazo shuleni.

Sasa mimi kazi yangu ni fundi pampu za maji. Kuna usiku nilikuwa peke yangu na pampu iliyogoma, nikajikuta naongea nayo kwa sauti, haya hapa umeme upo, hapa upo, hapa haupo, kwa hiyo shida iko katikati hapa, nikastuka, mbona naongea kama yule jamaa wa Mirihi? Nikarudi kukisoma kuanzia pale pale nilipokiacha na aisee, kurasa chache mbele jamaa anajilipua. Hesabu zake zote zilikuwa sawa, alichosahau ni oksijeni aliyokuwa anaitoa mwenyewe kwenye pumzi yake. Nilicheka peke yangu kama chizi, maana hilo ndo kosa la fundi kabisa, unahesabu kila kitu unajisahau wewe mwenyewe uliyesimama hapo.

Toka hapo sikukiweka chini. Kile kipande cha kufukua Pathfinder, chombo cha NASA (shirika la anga la Marekani) kilichonyamaza hukohuko Mirihi tangu 1997, ili aongee na duniani ndo nakipenda kuliko vyote, kamera yake inazunguka tu haiwezi kuandika, wa duniani wanaielekeza kwenye herufi moja moja, ukizipanga herufi zote 26 kwenye duara zinabanana hujui kamera inaelekea ipi, kwa hiyo anatumia ule mfumo wa namba wenye alama 16, kila herufi inakuwa alama mbili, nafasi zinapanuka. Hakuna muujiza wowote, ni akili tu.

Nikampa dada yangu mkubwa asome. Akakifikisha mwisho, hakulalamikia hesabu hata kidogo, aliniuliza swali moja tu: "Huyu mtu analia lini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka na zaidi peke yake kwenye sayari nzima na jamaa anatania, analalamikia nyimbo za disko za kamanda wake, chumba cha kutokea nje kinapasuka shamba lote linakufa, anatukana halafu anaanza kuhesabu viazi vilivyobaki. Nikajitetea kwamba lile ni daftari lake la kazi, mtu haandiki machozi kwenye daftari la kazi. Dada akasema mbona mwandishi anatoka kwenye daftari kila akitaka kutuonyesha wakubwa wa NASA wakibishana, angeshindwa nini kutuonyesha na huyu usiku amelala anawaza nini. Hapo nilinyamaza.

Ila wanaonikera zaidi ni mashabiki wenzangu wanaomwambia kila asiyekipenda eti hajaelewa sayansi, sayansi yake iko sawa mia kwa mia. Haiko! Hewa ya Mirihi ni nyepesi, mgandamizo wake haufiki hata asilimia 1 ya wa kwetu, upepo wa dhoruba ile ya mwanzo ungekugusa kama kaupepo tu, haung'oi mtu wala hauangushi roketi, na Weir mwenyewe alishasema alijua ila alitaka hadithi ianze hivyo. Na udongo wa kule una chumvi za perkloreti ambazo ni sumu, chombo cha Phoenix kilizigundua 2008, kitabu hakizitaji. Mimi makosa hayo hayanisumbui, ila msitishie watu.

Wanaosema kila akitatua hili linazuka lile wana hoja pia. Weir alianza kukiweka bure kwenye tovuti yake sura moja moja, baadaye akakiuza Kindle, yaani kama kitabu cha kielektroniki cha Amazon, kwa senti 99 za dola, uchapishaji mkubwa ukaja 2014, na nahisi ndo maana kila sura inaishia na balaa jipya. Ukikinywa kwa mkupuo unachoka. Wewe soma sura moja mbili kwa siku, hesabu zikikuzidi ziruke mpaka mlipuko, na kama mlipuko nao haukuchekeshi basi kiache, si kosa lako.

Dada alikuja kuangalia filamu ya kitabu hiki, ile ya 2015. Kuna pale karibu na mwisho Matt Damon, anayeigiza Watney, amekaa kwenye chombo anasubiri kurushwa, anasikia sauti za wenzake, machozi yanamtoka. Nikapokea meseji saa hiyo hiyo: "Si nilikwambia."